Muzee Habarurema kwa Nyeusi na Nyeupe

Kazi yangu ni kupiga watu picha za pasipoti, za ubatizo na za ndoa, katika chumba kimoja cha mbao mtaani Majengo, mjini Goma. Nyuma ya kiti cha mteja kuna pazia ambalo fundi mmoja wa Butembo, kwetu, alinichorea jumba la ghorofa, ngazi zenye maua na ndege inayopita juu ya paa. Kwa miaka kumi na minne watu wamekaa mbele ya ndege hiyo wamenyoosha shingo, na hakuna aliyelalamika. Aliyeanza kulalamika ni mimi mwenyewe, tena baada ya kupewa cheti.

Mwaka jana alikuja mgeni kutufundisha sisi wapiga picha wa mtaani kwa siku tatu. Alisema uzuri haukai kwenye suti na maua ya plastiki. Unakaa kwenye vitu tunavyovipita kila siku: dumu la maji, ukuta wa mawe ya volkano, kabichi juu ya gunia. Akasema pia kwamba rangi zinasumbua macho, picha yenyewe hasa ni ya nyeusi na nyeupe. Niliandika yote katika daftari, na mwishoni nikapewa cheti. Siku ya nne nikaamka nikiwa msanii.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilipiga picha madumu ya jirani hadi jirani akaanza kuyaingiza ndani. Nililala kifudifudi juu ya mawe kutafuta kivuli cha kandambili, nikachana suruali. Nikapiga sufuria ya mke wangu Charline, upande wa masizi, mara arobaini.

"Wenceslas," akaniambia, "hii masizi mimi niko nasugua kila siku, we uko unaipiga foto? Basi kuanzia leo sisugue tena. Isikuharibikie."

Nilimwonea huruma kwa kutoelewa sanaa.

Mkabala na studio yangu, chini ya bati lililotoboka, anafanya kazi Muzee Habarurema. Anatengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba viazi, makaa na saruji za mji mzima. Hapigi msumari bila kuutukana kwanza kwa Kinyarwanda. Hupima mbao kwa jicho, na ukimletea mita anakuuliza kama umekuja kumshonea nguo. Chukudu ikiisha, anapanda mwenyewe na miaka yake sabini na miwili, anateremka nayo hadi kona kuona kama inavuta upande. Tukimwambia atavunjika, anajibu kwamba kuvunjika kwake hakutuhusu.

Muzee ni mjane, na ana mtoto mmoja tu, Uwamariya. Miaka sita iliyopita binti huyo aliolewa huko Bukavu na mtu aitwaye Munguakonkwa, na baba akapata habari kwa simu wakati wali wa harusi umekwisha kuliwa. Palepale mbele ya watu akasema: "Asikanyage tena kwangu." Mtoto akatii, tena akatii kuliko baba yake alivyotaka.

Siku moja Muzee aliingia studio, akafunga mlango.

"Unipige foto moja, na suti, nimesimama. Umutumie Uwamariya. Usiandike kitu. Anione tu niko na nguvu, hata kuja atakuja mwenyewe. Mimi siwezi kumuita. Nilishasema."

Niliona jinsi ilivyomgharimu kusema hivyo. Nikamwahidi. Lakini suti ilikuwa bado kufuliwa, angeivaa Jumapili, na mimi nilipomfikiria akisimama chini ya ile ndege yangu nikaona haya. Mtu kama huyu, nikajiambia, anafaa kupigwa katika vumbi lake. Kwa hiyo nikamvizia kazini. Nilipiga tezo, nikapiga randa, nikapiga vidole vyake. Picha iliyonitoa machozi ni moja: ameinamia gurudumu, anapuliza unga wa mbao, amefumba macho usiingie, na mwanga wa tundu la bati umetua kwenye paji la uso.

"Hiyo si yenyewe," alinionya. "Niko na kofia ya kazi."

"Ni ya kujaribu tu, muzee."

Jumamosi asubuhi niliitoa rangi. Chini yake nikaandika: "Muzee Habarurema. Mikono hii imefanya kazi ya kutosha." Nikamtumia Uwamariya. Nikaiweka pia kwenye WhatsApp yangu ili watu waone nilipofika. Kisha nikazima simu, nikaenda kupiga harusi Keshero.

Hapa Goma hata mtoto anajua kwamba picha ya nyeusi na nyeupe ikitokea kwenye simu, mtu amefumba macho, jina lake chini, huyo hayupo tena. Na mimi ninajua kuwashinda wote, maana picha za kilio ninazichapa mimi, na mshumaa wa pembeni ninauweka mimi. Lakini siku hiyo nilikuwa na cheti.

Saa kumi jioni nilipowasha simu, nilikuta ujumbe mia moja na kumi na mbili. Wengi waliandika "Pole", nikadhani wananipa pole ya kazi. Mmoja akauliza mazishi ni lini. Nikaruka juu ya pikipiki.

Yaliyotokea kabla sijafika nilisimuliwa, na bado ninasimuliwa. Muzee alikuwa ametoka Katindo kupeleka chukudu ya mteja. Aliporudi alikuta turubai limefungwa uani kwake na watu wamejaa. Akavua kofia, kama inavyopasa, akakaa benchi la nyuma kabisa.

"Nani alikufa?" akamuuliza jirani yetu Birindwa.

"Ni Muzee Habarurema," Birindwa akajibu bila kugeuka.

"Habarurema gani?"

"Ule wa chukudu. Alikuwa mutu muzuri, lakini kichwa nguvu."

"Kichwa nguvu namna gani?"

Hapo Birindwa akageuka, na benchi zima likaenda chini.

Nilipoingia, walikuwa wakiulizana nani alitangaza, na simu zote zikanielekea mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa katika mji huu si vizuri kutamani hivyo, maana ardhi yetu ya volkano husikia. Nilingoja Muzee anitukane kama anavyotukana misumari. Hakunitukana.

"Uwamariya alipata ile foto?"

"Alipata, muzee."

"Alijibu nini?"

Hakuwa amejibu. Nikampigia, simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga hadi betri yangu ikakata. Muzee alikaa akiangalia chini.

"Sasa mutoto wangu anajua nilikufa, na kofia ya kazi kichwani," alisema. "Na kama hakuje hata kwa kilio yangu, basi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi lolote.

Jumapili alivaa suti mapema. Alisema anaenda misa, lakini hakwenda. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, na mimi nikakaa karibu naye kama mtu aliyefungwa. Ilipokaribia saa sita, pikipiki ilisimama barabarani. Akashuka mwanamke mwenye kitenge cheusi, ametoka kwenye boti ya Bukavu, analia tangu njiani. Alimpita baba yake pale kwenye benchi bila kumtazama, kwa kuwa alikuwa akitafuta jeneza. Aliingia ndani, akatoka.

"Mulimuweka wapi?" akaniuliza.

Nikaonyesha benchi kwa kidole. Uwamariya akapiga kelele, akaanguka magoti juu ya mawe.

Muzee alikuwa na miaka sita ya maneno tumboni, na yakamtoka haya: "Kumbe njia unaijua. Nilikuwa muzima miaka sita, haukukuja. Juu ya maiti unapanda boti siku moja."

Binti akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Papa, maiti haifukuzake mutu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nililia waziwazi, na sikujali nani ananiona. Muzee akasogea kwenye benchi.

"Ikala," akasema. "Maharagi ya kilio yangu ingaliko mu sufuria."

Uwamariya akakaa. Akashika mkono wa koti la baba yake, na hata sahani ilipoletwa hakuuachia, akala kwa mkono mmoja.