Nimeongoza ligi ya fantasy pale kinyozi Kitengela bila kugusa timu, mpaka Baba Teto akaniinamishia kichwa

Wakuu, hamjambo. Wa Kajiado, sopa.

Mimi ni wa kusoma tu hapa. Huu ni mwaka wa pili nasoma nyuzi za watu na sijawahi kuacha hata comment moja. Nyumbani pia niko hivyo. Kuongea mbele ya watu kunanishinda, ndio maana niko na diary. Haya ninayowaambia nimeyatoa huko, na pahali nilijiandika vibaya nimepaacha vile palivyo.

Niko Form Three, bweni, shule iko upande wa Kajiado town. Nyumbani ni Kitengela. Wazazi wangu ni wa Bungoma, walikuja kupanga hapa kwa sababu ya kazi nikiwa Standard Three.

Miaka yote hiyo kwa plot moja, na mpaka juzi watu walikuwa wananiita "ndugu ya Nafula."

Nafula ni sister yangu. Ako na miaka tisa na anajuana na Kitengela yote.

Sasa ligi.

Nyuma ya soko kuna kinyozi ya Baba Teto. Hapo ndipo tuko na ligi ya fantasy, watu kumi na mmoja. Unachagua wachezaji wa mpira kwa simu, wakicheza vizuri wikendi wewe unapata points, na captain wako points zake zinahesabiwa mara mbili. Admin ni Lemayian. Alimaliza Form Four juzi, sasa anauza hardware hapo kando. Kila Jumanne jioni anasoma matokeo ya wiki, kutoka wa mwisho kwenda juu, polepole, kama mwalimu anarudisha karatasi za hesabu.

Hakuna kuweka pesa. Mama yake Lemayian ni wa kanisa, na alisema akisikia shilingi moja imeingia hapo atakuja mwenyewe. Kwa hivyo Lemayian akatafuta adhabu ingine.

Kama hujakaa na Wamaasai, iko hivi. Mtoto akikutana na mtu mkubwa, hampi mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja juu, anasema "sopa," mtoto anajibu "ipa." Imeisha. Ni heshima ya kawaida, hata sisi wa Bungoma tuliishika haraka.

Sheria ya Lemayian: aliyekuwa wa mwisho wiki hiyo anamwinamishia kichwa aliyekuwa wa kwanza. Mbele ya watu. Hata kama ana ndevu.

Inakaa jambo ndogo mpaka umwone mtu mzima akiifanya na wasichana wa salon ya kando wamesimama mlangoni.

Mwezi wa nane, siku ya kurudi shule, nilitengeneza timu yangu kwa simu ya mama. Dakika ishirini, na zingine nilikuwa natafuta soksi. Bweni hakuna simu, kwa hivyo nilijua timu itakaa hivyo mpaka tufunge, na nilijua nitakuwa wa mwisho kila wiki.

Lakini nilikuwa na mpango. Nafula ni mtoto. Kwake kuinamisha kichwa si aibu, ni Jumanne kama zingine. Nikamwambia, "Nikiwa wa mwisho, enda uiname badala yangu."

"Sawa. Utaniletea biskuti?"

Nikakubali. Halafu nikaenda shule nikasahau.

Term nzima, wakuu. Mole concept ya chemistry, kabichi, kuamka saa kumi na moja. Sikukumbuka hiyo timu hata siku moja.

Siku ya kufunga nimeshuka na boksi langu, nikapata Lemayian amesimama pale stage ya matatu na wasee wawili.

"Kocha!" akaita.

Niligeuka nyuma kuangalia kocha ni nani.

Lemayian akabeba boksi langu. Nataka mwelewe: huyu jamaa kabla ya hapo alikuwa ameniambia maneno kama sita, na mawili yalikuwa "songa kidogo."

Nilipofika nyumbani nikafungua simu ya mama. Nambari moja. Timu ni ile ile ya mwezi wa nane. Captain niliyeweka aliumia wiki ya tatu, basi namba mbili wake akachukua ucaptain na akawa anafunga kila wikendi kama amelaaniwa. Golikipa wangu naye alitolewa, wa bench akaingia mwenyewe. Wengine walikuwa wanabadilisha wachezaji kila Ijumaa na kujichoma. Yangu ilikuwa imelala tu, inapanda.

Mara nne ilikuwa ya kwanza wiki hiyo. Na kwa sababu sikuwepo, nani alipokea vichwa?

"Mimi," Nafula akasema. "Napanda stuli. Lemayian ameniinamia mara tatu. Kichwa yake iko na nundu hapa."

Jumanne hiyo nikaenda kinyozi. Watu walinipisha kiti.

"Sema ukweli, kocha," msee mmoja akaanza. "Ulijuaje captain ataumia?"

Sikusema kitu. Si kwa ujanja. Sikuwa na kitu ya kusema, na masikio yalikuwa yamewaka moto.

Baba Teto akasimamisha mashine juu ya kichwa ya mteja. "Mnaona? Hata haongei. Transfer sifuri tangu ligi ianze. Nyinyi mnapaniki, yeye anangoja."

Wote wakatingisha vichwa. Kunyamaza kwangu, kitu ambacho walimu wameandika kwa report form tangu Standard Four kama ugonjwa, sasa kilikuwa akili.

Diary ya siku hiyo: "Leo watu saba wamenisalimia kwa jina. Sijawaambia. Nitawaambia wiki ijayo."

Wiki ijayo sikuwaambia. Ya kufuata pia.

Hapa ndipo nilifanya ile kitu.

Lazima mjue Baba Teto ni nani kwangu. Amenikata nywele tangu tuhamie hapa. Ni mtu wa umri wa baba yangu, mtoto wake Teto ako Form Two. Wakati sikuwa na rafiki hata mmoja hapa, yeye alikuwa ananyoa na kuniongelesha kwa pande zote mbili, ananiuliza swali na ananijibia, ili nisiteseke.

Ijumaa moja akanivuta kando. "Kocha, nisaidie. Nimekuwa katikati tangu tuanze. Niweke nani captain?"

Ningesema sijui. Maneno mawili. Badala yake nikakunja uso kama mtu anawaza, nikamtaja beki wa kushoto wa timu fulani ya chini, kwa sababu jina lake ndilo lilikuja.

"Beki?" Macho yake yakawa makubwa. "Beki! Hiyo hakuna mtu atafikiria."

Kweli hakuna. Hata mimi sikumweka. Mimi niliogopa kugusa timu.

Beki akapata red card kabla ya half time. Points zake zikaenda chini ya sifuri, na kwa sababu alikuwa captain, zikaenda chini mara mbili.

Jumanne, Lemayian akasoma. "Wa mwisho... aii. Baba Teto."

Kelele. Kisha akasoma polepole mpaka juu. Wa kwanza wiki hiyo, mimi.

Hakuna mtu alikuwa amefikiria hii. Vijana kuinamiana ni mchezo. Lakini mtu mzima, na kijana wa shule? Lemayian mwenyewe akasema, "Hii tunaweza ruka."

"Ruka nini?" Baba Teto akasema. "Sheria si ni sheria? Ama mlidhani mimi niko kwa hii ligi ya kuwachajia simu tu?"

Akazima mashine. Akavua ile koti yake ya kazi, akaitundika, akaja akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa. Katikati kuna upara kidogo ambao sikuwa nimewahi kuuona. Kwa miaka yote hiyo yeye ndiye alikuwa anaona kichwa changu.

Mkono wangu ulikataa kuinuka.

"Sijui chochote," nikasema. Ilitoka kama ya kuku. Nikarudia. "Timu sijaigusa tangu mwezi wa nane. Nilikuwa nimeisahau. Na huyo beki nilimtoa tu kwa kichwa. Mimi mwenyewe sikumweka."

Halafu Lemayian: "Mara tatu! Mara tatu nimeinamia msee ako bweni, ako prep!"

"Si prep," mwingine akasema, "umeinamia Nafula."

"Nimeinamia simu imezimwa!"

Walicheka mpaka wa salon wakaja. Mimi nilikuwa natafuta mlango. Lakini Baba Teto alikuwa bado ameinama.

"Mkono iko wapi?" akauliza. "Mgongo inauma. Points ni points."

Nafula, ambaye alikuwa amenifuata kama kila Jumanne, akanisukuma, akapita, akapanda stuli, akaweka kiganja. "Sopa, Baba Teto."

"Ipa," akajibu, akarudi kazini. Hakuniangalia. Hiyo iliniuma kuliko vile wangenipiga.

Nikaamua nitarekebisha. Nikatumia wildcard, nikabadilisha timu yote. Jioni nne na daftari, nikiangalia nani anacheza na nani, kama mtu anajiandaa kwa mtihani wa KCSE.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwa kiti cha Baba Teto, mama alikuwa amesema sitaenda kanisani na hizo nywele. Baba Teto alikuwa ameninyoa nusu, na safari hii bila stori. Lemayian akaingia na simu.

"Wa kumi na moja... kocha."

Sitawaambia nilipata points ngapi.

Akasoma wengine wote. "Wa kwanza, Baba Teto."

Nikamsikia nyuma yangu akicheka pole pole. "Nilifanya kama wewe," akasema. "Nilimtoa beki, kisha sikugusa kitu."

Akazima mashine.

"Haya. Inamisha kichwa."

Ni maneno ameniambia tangu Standard Three, na vidole viwili nyuma ya shingo. Safari hii vidole vilifika, kisha kiganja chote kikaja juu ya hiyo nusu iliyonyolewa, kikakaa.

"Sopa."

"Ipa," nikajibu, na nilijibu kwa sauti. Wasichana wa salon walisikia.

Kisha akawasha mashine, akaniuliza kama mole concept ni ngumu kweli vile Teto anasema, na akangoja nijibu mwenyewe.

Funzo langu, wakuu. Ukinyamaza, watu wanakujazia maneno yao, na yakiwa matamu unayameza. Kama hujui, sema hujui mapema, kabla mtu anayekupenda hajaweka beki captain.

Mmewahi kusifiwa kwa kitu hamkufanya? Mlisema, ama mko nayo mpaka leo? Andikeni hapo chini, nitajibu wote, hata kama itanichukua siku.

Na kama kuna mtu wa Kitengela anasoma: ndio, ni mimi. Ndugu ya Nafula.