Sauti za Kike kwenye Banda la Polikarp

Stumai wa mtaa wa Mfaranyaki alikuwa mtu wa maneno, na kusema hivi si kumsengenya, kwa sababu mwenyewe alijisifia. Asubuhi akifika sokoni na ushungi wake umefungwa sawasawa, wauza dagaa walianza kujipanga. Mumewe, fundi Chande wa cherehani, alikuwa mpole mno. Wateja wenye malalamiko kuhusu suruali zao walisubiri mpaka Stumai ametoka ndipo wakaenda kumwona.

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinaingia Songea: mitumba, redio za kaseti, sabuni za kila rangi, na video. Polikarp, ambaye zamani alisoma masomo kanisani na kusifiwa kwa sauti yake, alijenga banda la mabati na matete, akaweka televisheni, deki, na spika kubwa nje. Filamu zilikuja na lugha za watu, Kiarabu, Kihindi, Kichina, na Polikarp alizitafsiri zote papo hapo kwa maikrofoni. Lugha hizo hakujua hata moja, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Hakuna aliyejali. Watu walitoa kiingilio ili wamsikie Polikarp, picha zilikuwa nyongeza.

Stumai aliuza karanga na kashata mlangoni pa banda hilo. Ndani hakuingia, ila kila kitu alikisikia. Polikarp alikuwa na sauti nene ya shujaa, sauti ya puani ya adui, na sauti moja nyembamba ya kutetemeka kwa wanawake wote. Mwanamke akionekana amejifunika kichwa, basi maneno yake yalijulikana hata kabla hajafungua mdomo: "Bwana wangu, nihurumie." Akiwa jikoni, nihurumie. Akiwa njiani, nihurumie. Vijana wakaipenda sentensi hiyo, ikatoka bandani ikaenda mitaani, mwisho kila mwanamke wa Kiislamu aliyepita na ushungi akaitwa Nihurumie.

Stumai aliitwa hivyo naye akawajibu, tena wakajuta. Kilichomkata maini kilitoka nyumbani kwake. Binti yake Somoe, aliyekuwa sekondari, alikuja jioni moja akakaa karibu naye akaanza kuzunguka maneno. Siku ya wazazi ilikuwa mwisho wa muhula. Wenzake darasani walikuwa wakiigiza ile sauti ya kulia kila akipita. Sasa, alisema huku anatazama chini, labda angekuja baba peke yake, au kama mama ni lazima aje, basi aje bila ushungi.

Stumai aliumia. Akaendelea kuchambua karanga, akamwambia binti yake kwamba amesikia.

Kesho yake aliacha sinia lake kwa Walburga, jirani yake aliyeuza togwa pale pale, akaingia bandani kujionea huyo Nihurumie anayemharibia nyumba. Filamu ilikuwa ya Kiarabu. Kwenye kioo cha televisheni alisimama mwanamke mnene mwenye ushungi, sokoni, ameshika kitambaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamnyooshea muuzaji kidole karibu na pua. Muuzaji alikuwa anarudi nyuma. Na katika maikrofoni Polikarp alikuwa anatetemeka: "Bwana wangu, nihurumie."

Stumai alicheka peke yake katikati ya wanaume, kisha hasira ikampanda. Filamu ilipokwisha alimfuata Polikarp, akamwuliza kama alishawahi kuona mtu anaomba huruma kwa kidole. Polikarp hakukasirika. Alimwita mama Somoe, akamweleza taratibu kwamba Kiarabu yeye hajui, wateja wameizoea sentensi hiyo na wanaisubiri. Je, yeye Stumai anakijua?

"Sijui zaidi ya cha kuswalia," Stumai alisema. "Lakini huyo mama namjua. Nipe sauti za kike, wewe baki na wanaume wako. Watu wakitoka, sirudi tena."

Polikarp alikuwa mfanyabiashara, na kitu kipya kilimvutia. Wakakubaliana Jumamosi, kwa filamu ile ile. Fundi Chande alipoelezwa alimaliza kwanza pindo alilokuwa akishona, kisha akatoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba pakitokea mambo ya kukumbatiana, hapo aachiwe Polikarp.

Jumamosi banda lilijaa. Habari ilikuwa imeshafika hadi Ruhuwiko, na wengine walikuja makusudi kumcheka. Stumai aliketi kwenye stuli, akashika maikrofoni karibu mno, ikapiga yowe, watu wakaziba masikio. Aliogopa kweli kweli, na aliyekuwa akimwona machoni wakati wote ni Somoe anayetazama chini. Mwanamke wa sokoni akatokea kwenye kioo, akanyanyua kidole. Banda zima likatangulia kuimba: "Bwana wangu..."

Stumai akavuta pumzi. Yakamjia yale anayoyasema kila asubuhi.

"Baba, dagaa zako hizi nusu mchanga. Mchanga ninao nyumbani."

Muuzaji kwenye kioo akarudi nyuma. Kwamba kilichoshikwa ni kitambaa, hakuna aliyejali. Kicheko kilichopasuka kilimfikia Walburga nje, akaacha togwa na sinia la karanga aliloachiwa akaja kuchungulia.

Kazi haikuwa nyepesi yote. Mbele kidogo mume wa yule mwanamke alimfokea, na mwanamke akaketi akalia kwa machozi ya kweli. Picha Stumai hakuweza kuigeuza. Banda likatulia, hata Polikarp akamtazama. Stumai alimwacha mwenzake alie kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Usidhani nakulilia wewe. Namlilia mama yangu. Alinikataza nisiolewe na wewe."

Watu walipiga mabenchi. Wakati wa kutoka, walidai filamu ile ile irudiwe, na Polikarp, ambaye hakuwa mtu wa kushindana na wateja, akamwuliza mama Somoe kama Jumamosi ijayo ana nafasi.

Basi akawa na nafasi Jumamosi nyingi. Akawapa wake wa masultani umbea, akawapa bibi vizee ubishi, na msichana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akizimia kila mara akampa malaria. Filamu nyingine ziliwafanya wanawake wa ushungi wabaya tu au wajinga tu mwanzo hadi mwisho. Hizo alimwambia Polikarp wazi kwamba zinamchosha, naye akaacha kuzikodi. Somoe alikuwa anajua, mji mzima ulijua, ila nyumbani hakutia neno, na mama yake hakumwuliza.

Siku ya wazazi ikafika. Stumai alivaa ushungi wake wa kijani, ule wa Idi, akaongozana na mumewe hadi shuleni. Kibarazani wasichana walikuwa wamekusanyika, Somoe kati yao. Mmoja, Pamela, alimwona Stumai getini, akawagusa wenzake. Stumai akajikaza kuisikia ile sauti ya kutetemeka.

Pamela akanyanyua kidole. "Baba, dagaa zako hizi nusu mchanga."

"Mchanga ninao nyumbani," wakaitikia wengine, kisha wakamwamkia shikamoo kwa pamoja.

Stumai hakuwatazama. Alimtazama binti yake. Somoe alikuwa amekunja uso, hajaridhika hata kidogo.

"Mnakosea," aliwaambia wenzake. "Mama anavuta pumzi kwanza." Akashuka kibarazani, akamshika mama yake mkono, akampeleka kukaa mstari wa mbele.