Kinyozi Aliyefunga Bila Nia

"Hivi mama, huyo mdogo wako amefunga tena?" Jirani yangu fundi cherehani aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo. "Mume wangu anasema kinyozi wake mchana hali kitu. Anatuaibisha sisi wenye dini ya mdomoni."

Nikamjibu, "Mungu ndiye anayejua." Na kweli alijua. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kujua.

Mdogo wangu ana kibanda cha kunyolea: kiti kimoja, kioo chenye ufa, na pazia linaloficha mlango wa nyuma unaotazamana na jiko langu. Kwa kunyoa hana mpinzani, na kwa kujisikia ndiyo kabisa. Tumbo lilikuwa linamwaka hapa chini ya chembe ya moyo, hamu ya kula ikamtoka. Mteja mmoja akamkaribisha chakula, akakataa. "Umefunga?" akaulizwa. Mtu mwenye akili angesema tumbo linauma. Yeye akainamisha macho kama bibi harusi, akasema, "Tunajitahidi." Tangu hapo wakamwita Mcha Mungu, na jina hilo akalivaa kama kofia ya kuazima.

Funga yenyewe sasa! Kinyozi husimama kutwa, mgongo unamuuma, basi anajificha nyuma ya pazia anameza vidonge vya maumivu kwa mate, tumbo tupu, kisha anarudi mbele na uso wa ibada. Jioni akija kwangu kajikunja kama kamba wa kukaangwa, namwambia nenda hospitali, ananijibu, "Dada, huu ni mwili unajitakasa." Unajitakasa! Mkewe alikuja kuninong'oneza kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na bwana anasema ni dhambi zinatoka. Nilimwombea, lakini nilimwombea nimekunja uso.

Siku aliyoanguka alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa. Yule mteja maskini ndiye aliyenisaidia kumbeba hadi hospitali, upande mmoja kipara, upande mmoja msitu, watu barabarani hawajui wamwonee huruma nani. Daktari, binti tu, akamuuliza mgonjwa choo chake kikoje.

"Cha kawaida," akasema Mcha Mungu.

"Cheusi, daktari," nikasema. "Kama lami."

Mdogo wangu akanitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Daktari akasema damu inavuja ndani. Akalazwa, akaongezewa damu, na akaambiwa kesho yake ataingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi tumboni, kwa hiyo mpaka hapo asile wala asinywe.

Asubuhi muuguzi akamkuta anapangusa midomo. Kikombe cha chai ya maziwa cha mgonjwa wa kitanda cha pili kilikuwa kitupu.

"Baba, umekunywa?"

"Nimeonja tu, sista."

Mungu anisamehe, nilicheka. "Miezi yote umefunga bila kuagizwa na mtu," nikamwambia. "Leo umeagizwa, unafungulia chai ya watu!"

Kamera ikangoja hadi alasiri. Wakaona kidonda mwanzoni mwa utumbo, na kipimo kikaonyesha vijidudu vinavyokaa humo tumboni. Daktari alikuwa mpole kuliko mimi. Dawa za aina tatu, asubuhi na jioni, wiki mbili bila kuruka. Vidonge vya mgongo asiviguse tena. Chakula ale kwa wakati. "Ukiacha dawa katikati, kidonda kinarudi, na damu safari ijayo huenda isingoje ufike hapa."

Akarudi kazini, na mambo yake yale yale. Chakula nipitishe mlango wa nyuma. Vidonge afiche ndani ya kopo la poda. "Wateja watanionaje, dada?"

"Watakuona una tumbo, kama wao."

Nilipitisha huko nyuma, shingo upande. Kibanda kikijaa watu, bakuli lilirudi kama lilivyokwenda, na vidonge vya asubuhi navikuta palepale kwenye poda. Mtu amepona kifo, sasa anaogopa kuonekana anatafuna!

Mchana mmoja nimesimama nyuma ya pazia na bakuli langu, nikamsikia mshona viatu wa pale kona, yuko kwenye kiti ananyolewa.

"Mcha Mungu, nami nakuiga siku hizi. Mchana sili. Tumbo linawaka moto, hata choo kimekuwa cheusi, lakini nikikukumbuka wewe napata nguvu."

"Hongera!" wakaitikia waliokaa kwenye benchi.

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Mdogo wangu akafunua pazia, akanikuta hapo.

"Dada," akasema, watu wote wakisikia, "zunguka uniletee hicho chakula kwa mlango wa mbele, na unitolee vidonge vyangu kwenye kopo la poda."