Watoto Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto, kumuuliza mtu ana watoto wangapi kulikuwa sawa na kumtakia msiba. Kijijini kwetu kando ya Mto Tana, chini kidogo ya Garsen, mama akiulizwa hivyo alijibu tu, "Ni wa Mungu," na mwenye adabu aliishia hapo. Hata Waorma waliokuja kunywesha ng'ombe mtoni hawakuhesabu mifugo yao kwa sauti. Nyanya yangu, mama yake baba, alisema ukitaja idadi kuna anayesikia, na akishasikia huja kudai fungu lake.

Mwaka mmoja wa hamsini na kitu, kabla mto haujafurika, alikuja kijana wa Kizungu. Hakuwa wa serikali wala wa misheni. Alikuwa mwanafunzi, na alikuja kujifunza namna ya kuchunguza maisha ya watu. Wazee walicheka mpaka wakakohoa: mtu anasomea watu? Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na kila mahali ambapo sisi tungesema "kwa nini" yeye alisema "mbona". Mbona mnalima hapa, mbona bibi huyu anakaa kule. Tukambandika jina, Bwana Mbona. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, maana mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Walimu wake walimfundisha aanze na ukoo wa kila nyumba, nani kazaliwa na nani. Alichora mchangani kwa kijiti, pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Nyanya alipoulizwa alijibu kuwa ni wa Mungu, akaendelea kupepeta mpunga. Mama alimwonea huruma yule kijana. Mama alilelewa misheni, kule juu ya mto, ambako watoto walihesabiwa kila asubuhi kabla ya uji na hakuna aliyekufa kwa hilo. Tena mgeni hanyimwi. Alikichukua kijiti akatuchora sote, mmoja baada ya mwingine, hadi Buya, kitinda mimba, niliyekuwa nimempakata. Kisha akaitaja idadi yetu kwa sauti. Bwana Mbona akamshukuru, akamwambia kuwa yeye ndiye mwalimu wake. Mama alitabasamu, nami nikaona fahari.

Nyanya alikuja na ufagio akazifagia zile alama. Hakumsemesha mgeni. Alimgeukia Mama tu.

"Umefungua mlango, mwanangu. Utaufunga na nini?"

Mto ulifurika, mbu wakazaana, homa ikaingia karibu kila nyumba. Ilimshika na Buya. Mama alimchemshia muarobaini, akamkanda kwa maji, lakini njia ya hospitali ilikuwa chini ya maji, na mtoto akafa mikononi mwake.

Siku zile za matanga, hakuna aliyelitaja lile jambo la mchangani. Najua Nyanya alilifikiria, nilimwona akimtazama Mama. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuwa akimnywesha uji. Kwetu jambo lisilotamkwa huchakaa lenyewe taratibu, na naamini lingechakaa.

Kisha Bwana Mbona akaja kutoa pole. Alikaa mkekani na macho yake yalikuwa mekundu, sitamsingizia. Alimwinamia Nyanya akamuuliza kwa upole, mbele ya wazee wote:

"Kwa imani yenu, Nyanya, mbona mtoto huyu amekufa?"

Hakujua kwamba "mbona" si swali tupu. Ndani yake mna lawama. Ukiliuliza msibani, umemdai mwenye nyumba akutajie mkosaji. Baba aliinamisha kichwa. Nyanya hakuwa mtu wa kusema uongo, seuze msibani.

"Mtoto huyu kahesabiwa," alisema.

"Na nani?" akauliza Bwana Mbona.

"Na mama yake."

Nilimkazia macho yule kijana. Nilingoja aseme kwamba yeye ndiye aliyemuuliza Mama siku ile. Alisema, "Asante, Nyanya," akatoa kalamu.

Neno likishatamkwa mbele ya wazee, halirudi. Ndugu za baba walisema hawawezi kukaa na mwanamke aliyeyaita mauti uani mwao, watoto wao nao wapo. Matanga hayajaanuliwa, Mama akapandishwa mtumbwi kurudishwa kwao, sisi tukabaki kwa kuwa ni watoto wa baba. Aliyelia zaidi pale ukingoni alikuwa Nyanya. Bwana Mbona alisafiri baadaye, akatuachia sukari. Mama alifia huko kwao, nami nikaambiwa alipokwisha kuzikwa.

Siamini kwamba hesabu huua. Buya aliuawa na mbu. Lakini mama yangu nilinyang'anywa na swali, tena swali lililoulizwa kwa adabu na mtu aliyekuwa akifanya kazi yake kama alivyofundishwa, na sijaona mahali pa kulipeleka shauri hilo.

Mwaka jana mjukuu wangu alirudi kutoka chuo kikuu, anakosomea mambo hayo hayo. Aliweka simu juu ya meza inirekodi, akaanza kama walivyomwelekeza.

"Bibi, kwenu mlizaliwa wangapi?"

Nampenda mtoto huyu, na wakati ule nilimwogopa.

"Tulikuwa wa Mungu," nilimwambia.

Alingoja. Mimi nikaendelea kuchambua mchele wangu. Hatimaye akatabasamu, akaisogeza simu karibu nami.

"Mbona hutaki kusema, Bibi?"