Mdudu wa Jina la Mama

Mtaani walimwita Daktari, na kila mpangaji mgeni alimletea mtoto mwenye homa kabla hajaambiwa ukweli. Mwenye duka la pembeni ndiye aliyekuwa akiwaambia. "Dada yule si daktari wa watu. Ni daktari wa vijidudu vya baharini. Ukiwa na kamba anayekohoa, mpelekee."

Kazi yake ilikuwa makumbusho, chumba cha nyuma cha ghorofa ya chini, ambako rafu zilibeba chupa za spiriti hadi darini na dirisha moja lilitazama ukuta. Humo aliwapanga viumbe ambao wengi wetu huwakanyaga ufukweni bila kujua. Ni jamaa wa kamba na kaa, ila ni wadogo kama punje ya mchele, tena wamebanwa mbavuni kana kwamba mtu aliwafungia ndani ya kitabu. Hawana gamba moja la kufunika kifua kama kamba, wala macho yao hayakusimama juu ya vikonyo. Wana miguu saba kila upande, na jozi mbili za mbele zimegeuka mikono. Mkono una kiganja, na juu ya kiganja kuna kidole kimoja kinachojikunja kama kisu cha mfukoni. Majike wa spishi nyingi hufanana mno. Anayetaka kuwatofautisha humtafuta dume, akamtazama kiganja cha mkono wa pili.

"Madume hawa, mama, huwajui mpaka uwatazame mkono," alimweleza mama yake siku moja.

"Mkono upi? Unaotoa au unaopiga?"

Mama huyu alifua mashuka ya hospitali hadi vidole vikapinda. Alizaa watoto watano na wote walibeba jina la baba. Nyumba iliandikwa jina la baba. Majirani walimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama mama yeyote anavyoitwa, na hawakuacha hata baada ya kijana huyo kufariki. Jina lake mwenyewe lilikuwa kinywani mwa dada yake tu. Dada alipokufa, jina likabaki kwenye kadi ya kliniki.

Kwa hiyo Daktari alipopata, katika mwani wa ghuba moja, dume ambaye kiganja chake kilikuwa na pengo la mraba, kama la jino lililong'olewa, hakuhangaika kutafuta jina. Kiganja cha namna hiyo hakikuwa kimeandikwa popote. Alimpa mdudu jina la mama yake, akalivalisha mkia wa Kilatini kama taratibu zinavyotaka, na jarida la kitaaluma likalichapisha. Mama aliomba asomewe mara mbili. Tangu hapo kila mgeni aliambiwa kabla hajaketi vizuri: "Wenzangu wana mashamba. Mimi nina mdudu." Na kila jioni alimuuliza binti yake, "Mdudu wangu hajambo?"

Kisha figo zikaanza kugoma, miguu ikavimba, mama akawa wa kitandani. Ndipo alipoomba jambo moja. "Kwenye picha ya jarida amelala kama maiti. Nataka nimwone akitembea."

Halikuwa ombi kubwa. Daktari alikwenda ghubani, akakung'uta mwani ndani ya beseni, akachagua madume wenye pengo. Kwa kuwa madume hupigana, kila mmoja alimtenga katika chombo chake, akawatilia maji ya bahari na pampu ya hewa, wapate kutulia kabla ya safari ya nyumbani.

Asubuhi moja alikuta kitu cheupe kinaelea katika chombo cha kwanza. Alidhani ni mzoga. Chini ya hadubini kikaonekana ni gamba tupu: mdudu amejivua, kama wafanyavyo jamaa zake wote wanapokua. Kwenye gamba lile kiganja kilikuwa na pengo lake la mraba, safi kabisa. Akamgeukia mwenye gamba, laini bado, amejibanza chini ya jani la mwani. Kiganja chake hakikuwa na pengo. Kilikuwa mteremko mrefu wenye jino moja kwenye shina.

Alikijua kiganja kile. Kilikuwa cha spishi iliyojaa katika ghuba hiyohiyo, iliyopewa jina kabla bibi yake hajazaliwa.

Aliwangoja wengine wajivue. Walijivua, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mdogo wao, na kila aliyejivua aliacha pengo kwenye gamba la zamani. Aliowaita spishi mpya walikuwa vijana wa spishi hiyo ya zamani, ambao hawajakomaa. Ilikuwa sawa na mtu aliyeingia shule ya wavulana, akasikia sauti zinavunjika, akatangaza amegundua kabila geni. Na sheria ya majina haina rufaa: mnyama mmoja akiwa na majina mawili, la kwanza huishi, la pili hufa.

Alimweleza mkuu wa idara, aliyekuwa akila njugu juu ya mafaili.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Nani mwingine anaweza kujua?"

"Alikuwepo mmoja. Amekufa."

"Basi, dada yangu, haraka ya nini? Bi mkubwa apumzike na jina lake. Akishatangulia, utarekebisha. Mdudu hatakushitaki."

Alitoka hapo karibu amekubali. Alimchagua yule mdogo kuliko wote, mwenye pengo lake bado, akambeba nyumbani katika kisahani cha kioo, pamoja na lenzi ya mkono.

Mama aliinuliwa kwa mito. Alimtazama mdudu kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi. Mdudu alilala ubavu, akajikunjua, akaruka hadi ukingoni.

"Mtazame! Hatulii, kama mimi nilivyokuwa." Akacheka hadi akakohoa. "Na mkono huu ndio wangu? Wenye pengo?"

"Ndio huo, mama."

"Bado mdogo huyu. Akikua anakuwaje?"

Daktari alikuwa na jibu la uongo tayari, lakini swali lilikuwa la kazi yake, na kwa swali la kazi hakuwahi kujifunza kudanganya.

"Akikua anakuwa mwingine, mama."

"Mwingine nani?"

Akamweleza yote, gamba, kiganja, sheria ya jina la kwanza. Kwamba lile jina la zamani mtaalamu mmoja alilitoa kwa heshima ya mkewe.

Mama alirudisha lenzi. "Kumbe nina mke mwenza."

"Mama..."

"Tena yeye ndiye bi mkubwa. Mwenye nyumba." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaisha. "Sasa langu linakwenda wapi?"

"Linaandikwa chini ya lake. Kwamba lilikuwepo, halitumiki."

"Na nani anayeandika hivyo?"

"Mimi. Hakuna mwingine."

Mama aligeuza uso ukutani. Binti alidhani amelala, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Ungeningoja, mwanangu," mama alisema, bila kugeuka. "Mimi nilikuwa na siku ngapi?"

Makala aliyoituma kulifuta jina ilikuwa fupi, kurasa mbili na mchoro wa viganja viwili, kimoja kando ya kingine, vya mnyama mmoja. Jarida liliikubali bila sahihisho hata moja, na katika barua yake mhariri aliongeza neno la pongezi kwa uaminifu wa mwandishi. Daktari aliisoma barua hiyo kazini, akazima hadubini.

Jioni alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mama alikuwa macho. Alimuuliza kama nguo zimeanuliwa, kama mlango wa nyuma umefungwa, kama mvua itanyesha. Kama mdudu wake hajambo hakuuliza, na binti yake akainuka kwenda kufunga mlango wa nyuma.