Mlango wa Zizi la Baba Petero

Asubuhi ile tulikamua ng'ombe wa jirani kabla ya ng'ombe wetu. Jirani alikuwa amempeleka mkewe hospitali Maswa, na kwetu Shishiyu hakuna anayengoja kuombwa jambo kama hilo. Ng'ombe wa mtu akilia kwa sababu kiwele kimejaa, aliye karibu anaingia zizini, anamkamua, na maziwa anayaweka mlangoni kwa mwenyewe. Rafiki yangu Masanja ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Alipiga mluzi wa chini chini alipokuwa akikamua, na hata ng'ombe mkorofi alitulia. Mimi wakati huo nilikuwa najifunza ukatekista, na hilo lilimpa Masanja cha kunitania kila siku.

"Ng'ombe wakikuona wanadhani umekuja kuwaungamisha," aliniambia. "Ndiyo maana hawakupi kitu. Wanakuficha dhambi na maziwa pamoja."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Tulifunga maksai, tukalima shamba la pamba mpaka mayu, mama yangu, alipotuletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulikuwa tunakula pale pale kwenye tuta alipofika balozi wa nyumba kumi, redio yake kaibana kwapani. Nduli wa Uganda alikuwa ameingia Kagera na jeshi lake. Sisi tuliopitia mafunzo ya mgambo tulitakiwa wilayani.

Bhabha, baba yangu, ambaye hakubatizwa maisha yake yote, alitia maji kinywani akatunyunyizia mimi na Masanja, kama wazee wetu walivyobariki. Mayu akanivisha rozari. Nikaondoka na baraka zote mbili, na sikuona ubaya.

Nataka nieleweke vizuri. Vita vile vilikuwa vya haki. Tulipofika Kagera nilisaidia kuzika mama mmoja na binti zake waliouawa karibu na mashine ya kusaga, na unga ulikuwa bado kwenye nywele zao. Hakuna atakayeniambia kwamba tungekaa kimya. Redio ilisema ugomvi wetu ni na nduli, si na wananchi wa Uganda. Niliyapokea maneno yale kama nilivyopokea Injili. Hasira yangu inaanzia hapo hapo, kwa sababu niliyaamini.

Tulivuka mpaka. Kijiji cha kwanza tulichokabidhiwa kukilinda kilikuwa kitupu. Wanajeshi wa nduli walikuwa wamekimbia, na wananchi nao walikuwa wamekimbilia kwenye migomba na vichaka. Milango ilikuwa wazi, na jikoni majivu yalikuwa bado na uvuguvugu. Nyuma ya nyumba moja, karibu na mti mkubwa wa mkuyu, kulikuwa na zizi, na ng'ombe wote waliokuwamo walikuwa wanalia.

Mfugaji anazijua sauti za ng'ombe. Kuna kilio cha kiu, kuna cha kumtafuta ndama. Kile kilikuwa cha maumivu. Walikuwa hawajakamuliwa kwa siku kadhaa.

Masanja aliitegemeza bunduki kwenye ua.

"Huyu mwekundu atapasuka," alisema.

"Hatujatumwa kukamua."

"Basi kaa hapo umsomee litania."

Akaingia. Nami nikamfuata, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inawasha. Tuliwaachia ndama wanyonye kwanza, kisha tukakamulia kwenye sufuria ya kikosi. Masanja alipiga mluzi wake. Mmoja mmoja ng'ombe walinyamaza. Palikuwa na amani ambayo sikuwa nimeisikia tangu Shishiyu, na nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiisikiliza.

Tulisikia akiita, "Petero! Petero!" Akatokea mzee katika migomba, mwembamba, amevaa koti lililochanika bega, na mkononi ana chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Alikuwa anatabasamu. Alipotuona alisimama, na tabasamu likaondoka taratibu. Shingoni alikuwa na rozari kama yangu.

"Shikamoo mzee," Masanja alisema, akiwa bado amechuchumaa.

Mzee alitutazama, akautazama mkono wa Masanja ulioshika chuchu. "Marahaba. Ninyi ni watoto wa nani?"

"Wa Tanzania."

"Hilo naliona. Mmekamua?"

"Tumekamua."

"Yule mweusi hupiga teke."

"Ameshanipiga, mzee."

Mzee akacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha minadani. Alituambia aliwahi kuuza ng'ombe Bukoba kabla mambo hayajaharibika. Petero ni mwanawe, na yeye ndiye hukamua. Walipotezana wakati wa kukimbia. Aliposikia ng'ombe wamenyamaza alijua kuna mtu anayekamua, na nani mwingine angewakamua isipokuwa Petero. Ndiyo maana alitoka.

Tulimjazia chombo chake. Ni maziwa yake, kwa desturi yetu na kwa desturi yake.

Afande wa kikosi chetu akaja.

Alikuwa kijana kama sisi, na alikuwa hajalala. "Nani huyu?"

"Mwenye ng'ombe, afande," nilisema.

"Hapa hakuna mwenye kitu. Amri mmeisikia. Aliye upande huu ni adui au jasusi."

"Tumeongea naye, afande," Masanja alisema.

"Mmeongea naye nini?"

"Habari za ng'ombe."

Askari aliokuja nao wakacheka. Afande hakucheka. Alimwangalia mzee, akaangalia migomba.

"Nenda zako, mzee," alisema.

Mzee alimshukuru. Alimwita mwanangu. Akageuka, akashika chombo kwa mikono miwili ili maziwa yasimwagike.

Askari wake wakampiga risasi mgongoni.

Maziwa yalifika kwenye miguu ya Masanja.

Tuliruhusiwa kumzika kwa sharti la kufanya haraka. Kwetu mwenye kaya huzikwa kwenye mlango wa zizi lake, amefungwa katika ngozi ya dume jeusi. Dume lilikuwapo, lakini askari wengine walikuwa tayari wanaswaga kundi zima kuelekea kusini, na hakuna aliyetujibu tulipouliza. Tukachimba mlangoni pale pale, Masanja akavua koti lake la jeshi akamfunika nalo. Nilisoma sala nilizozikumbuka, na rozari yake nikamwachia mkononi. Tulipomaliza lilikuja katapila. Liliangusha nyumba, likaangusha kanisa dogo la matofali mabichi, likasawazisha zizi pamoja na kaburi. Mti wa mkuyu tu ndio ulioshinda. Afande alisema kijiji kile hakitamficha adui tena.

Nduli alikuwa mbali sana na pale.

Mambo mengine ya vita sitayasimulia. Tulishinda, tukarudi, tukapigiwa ngoma. Masanja alirudi mzima wa mwili, lakini hakukamua ng'ombe tena. Kwa mwanamume wa kwetu ni kama kukataa kula. Ndugu zake walimpeleka kwa mganga Kimali, wakidhani amerogwa. Mganga alimwangalia siku nzima, kisha akawaambia wamrudishe nyumbani. Alifariki mwaka jana. Watoto wake, ambao hakuwafundisha kukamua, walinunua maziwa dukani kwa ajili ya chai ya matanga, wakati zizi limejaa.

Mwaka huu binti mmoja kutoka kwenye kamati ya serikali alikuja kwangu hapa Bariadi. Ana adabu, alipiga magoti kunisalimia ingawa alivaa nguo za ofisini. Alisema nchi yetu na Uganda zinataka kuandika pamoja habari za vita vile, za kheri na za shari, ili kuweka sawa uhusiano. Nilifurahi. Nilimsimulia yote, na simu yake ikarekodi. Baada ya majuma machache alirudi na kunisomea kilichoandikwa.

"Raia wachache waliathirika na shughuli za kijeshi."

Nilimwomba asome tena. Akasoma.

"Mafua huathiri, mjukuu wangu," nilimwambia. "Wadudu huathiri pamba. Baba Petero aliambiwa aende zake, kisha akapigwa risasi mgongoni na askari wa Tanzania, naye ameshika maziwa."

"Naelewa, babu. Lakini mambo ya nje yana lugha yake. Rasimu lazima ipite kwa wakubwa."

"Katapila halikuwa na lugha yake?"

Alishika kalamu. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Babu, wewe ungependa nchi iseme nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na sikuwa na jibu refu. Nilisema: nchi imtafute Petero. Imwambie tulimuua baba yako. Imwonyeshe alipolala. Wakubwa wakitaka kuongeza maneno mengine baada ya hayo, waongeze.

Aliandika. Alisema hawezi kuniahidi, na namheshimu kwa kutonidanganya.

Nimefundisha msamaha katika parokia hii kwa miaka mingi, na ninaujua. Msamaha huanza kwa mtu kusema alichotenda. Nchi yangu inataka kuanzia mwisho. Inataka kushikana mikono na kupiga picha, na yule mzee abaki chini ya udongo uliosawazishwa, bila ngozi, bila msalaba, bila mwanawe kujua. Vita vya haki havikuhitaji damu yake. Walioitoa amri ile waliichafua haki yetu sote, hata ya yule mama na binti zake tuliowazika Kagera, na hilo ndilo linalonichoma.

Kila asubuhi namshukuru Mungu kwamba nilirudi, nikaoa, nikaona wajukuu. Nashukuru kweli. Zamani nilimwomba pia aniondolee hasira. Nimeacha. Sasa namwomba aitunze ili isizeeke kabla yangu.

Petero, kama yu hai, ni mzee kama mimi. Pengine amemngoja baba yake kambini, njiani, na katika kila kijiji alichohamia. Mwenye kumjua amwambie: ni pale penye mkuyu mkubwa. Ukiupa mti mgongo na kutazama jua linakochomoza, mlango wa zizi ulikuwa mbele yako, hatua chache tu. Amelala upande wa kulia wa anayeingia, kichwa kikielekea kwa ng'ombe. Aliyemchimbia alikuwa mfugaji, na alichimba vizuri.

Hayo ninaweza kumwambia. Lakini kwamba baba yake alitoka mafichoni akitabasamu kwa sababu ng'ombe walinyamaza, akiliita jina lake, hilo bado sijui kama nimwambie.