Kaa Aliyeacha Mguu

Wiki iliyopita nilishuka ufukweni Katonga kununua dagaa, nikamkuta mtoto wa kike amechuchumaa kwenye mawe, ameshika mguu wa kaa, kaa mwenyewe hayupo. Anacheka. Niligeuka nikaenda zangu bila kununua kitu.

Dada yangu alicheka hivyohivyo. Alinizidi miaka mitatu. Mama akianika dagaa mchangani, sisi tulifukuza ndege, na tukichoka tunapindua mawe ufukweni kutafuta kaa. Jioni tulirudi tunanuka samaki, tukala ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, waliopikwa kwa mawese mpaka vidole vikawa vyekundu. Siku moja kaa alimwachia dada mguu mkononi, akakimbia. Dada alilia, akidhani amemvunja. Kesho yake mwalimu wa sayansi alimtuliza: kaa akishikwa huukata mguu mwenyewe, aukose lakini aokoe uhai; mwingine utaota akijivua gamba.

Mwaka huohuo dada alikanyaga msumari pale baba alipokuwa akiunda mitumbwi. Tukaosha kwa maji ya chumvi, tukaona yameisha. Baada ya siku chache mguu ulivimba, ukawa mweusi, ukanuka. Hospitalini daktari alisema ukatwe chini ya goti, leo leo.

"Binti wa mguu mmoja ataolewa na nani?" baba aliuliza.

Dada akamshika mkono. "Baba, waache wakate. Najua wangu hautaota kama wa kaa. Lakini mimi nitabaki."

Mama alipiga magoti mbele ya baba, palepale koridoni. Baba hakumtazama. Alimbeba dada mgongoni hadi nyumbani, akaita mganga wa mizizi. Siku ya tatu asubuhi, majirani wakiwa wanaanika dagaa, nilimsikia mama akipiga ukelele.

Baba hakuunda mtumbwi tena. Sasa ni mzee, anaishi kwangu. Namwogesha, namkata kucha. Jina la dada halitajwi. Kuna siku nataka kumuuliza habari zake, lakini naishia kumuuliza kama maji ya kuoga ni ya moto mno.

Siku hizi dagaa wanaanikwa kwenye vichanja, na ule mchanga wetu umejengwa. Mama naye ametangulia. Mimi nimebaki nikimuwaza dada akiwa mtu mzima, anakuja sokoni kwa magongo, watu wanampisha, naye ananigombeza kwa kuchelewa.